Mama Aliyetia Sahihi

Siku ile ya Idi, mwaka wa elfu mbili na sita, nilimwandika binti yangu nambari ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Tulikuwa tumesimama mlangoni pa nyumba yetu, Sparkhill, Birmingham, na jua la Oktoba lilikuwa linaanza kuzama nyuma ya paa za ng'ambo ya barabara. Najmo alikuwa na miaka saba. Alicheka kwa sababu kalamu ilimtekenya.

"Mum, nambari naijua kwa kichwa," aliniambia kwa Kiingereza. Kiswahili na Kisomali alivielewa vyote viwili, lakini kujibu alijibu kwa lugha ya shuleni.

"Mtoto akiogopa husahau hata jina lake," alisema Zilpah. "Wacha mama akuandike."

Zilpah alikuwa jirani yetu, Mluhya wa Kakamega, nesi wa wodi ya watoto. Hakuwa Mwislamu, lakini Idi zote alikuja kula kwetu. Jioni hiyo tulikuwa tunawapeleka watoto kwenye bembea na mashine za kuzunguka zilizoletwa bustanini kwa ajili ya Idi. Mume wangu Dekow alikuwa ameondoka na teksi yake mara tu baada ya swala ya asubuhi. Nilimsihi atusindikize. Akasema nina mdomo wa kutosha kuwalinda watoto peke yangu.

Kwa hiyo aliyeamrisha mambo alikuwa Zilpah. Alishaona wodini vidole vilivyobanwa na vyuma, na msichana ambaye skafu yake ilivutwa na gurudumu. Skafu zote zikaingizwa ndani ya makoti. Akawapiga watoto picha kwa simu yake, ili wakipotea tujue wamevaa nini. Najmo koti la njano, mdogo wake Dalmar koti jekundu, kwenye kigari chake. Tukakubaliana mahali pa kukutana: gari la kuuza chai lililo karibu na lango.

"Na ukipotea?" Zilpah alimuuliza.

"Sitoki nje ya lango. Natafuta mtu mwenye kizibao cha njano."

"Na mtu akikwambia ametumwa na mama?"

"Simfuati."

"Hata akijua jina lako?"

"Hata akijua jina langu."

Tukaenda.

Langoni kulikuwa na kibanda kidogo cha mbao, na ndani yake bibi mmoja mnene, mwenye miwani, kizibao chake kikiwa kimeandikwa Denise. Alikuwa akiwafunga watoto kikaratasi mkononi, chenye jina la mzazi na simu yake.

"Jina la mama?" aliuliza.

"Istahil," nikasema. "Istahil Abdi."

Sikusita. Miaka kumi ya kulisema jina hilo ilikuwa imeuzoeza ulimi wangu.

Lakini halikuwa jina langu.

Itabidi niseme sasa, maana bila hili hadithi yote haieleweki. Mimi naitwa Ubah. Istahil alikuwa dada yangu mkubwa. Mwaka wa tisini na sita, shangazi yetu wa Uholanzi alifanikiwa kumwombea ndugu mmoja karatasi za kumfuata, naye alimchagua Istahil. Wiki ya kwenda Nairobi kuhojiwa, kifua kilimwangusha dada. Alikohoa hadi akashindwa kusimama. Ndiye mwenyewe aliyenisuka nywele kama zake za kwenye picha.

"Nenda wewe, nafasi isipotee," aliniambia. "Ukifika utaniita."

Nikaondoka Garissa na jina lake. Yeye akabaki na kitambulisho changu. Nikaolewa na Dekow huko Uholanzi, nikamzaa Najmo, tukahamia Birmingham. Dada akawa anapiga simu. Lini? Mwaka ujao, abaayo, dada yangu, nilimjibu. Lini? Ngoja tupate nyumba. Dekow alikuwa akiniambia kwamba tukimleta yatagunduliwa yote, nasi sote tutarudishwa. Nami sikumbishia. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nikimlaumu Dekow kila usiku, na kila asubuhi nikifurahi kwamba kuna wa kumlaumu.

Mwaka wa elfu mbili na tatu binamu yetu alinipigia. "Tumemzika Ubah," alisema, kwa sababu ndivyo cheti kilivyosema. Nilisimama jikoni nikisikiliza habari za maziko yangu. Sikuweza hata kulia kwa sauti. Ningesema nimefiwa na nani?

Basi Denise akaandika "Istahil" kwenye kikaratasi, akamfunga Najmo mkononi, juu kidogo ya ile nambari ya simu. Akatutakia Idi njema.

Ndani kulikuwa na kelele. Muziki wa kila mashine ukigombana na wa mwenzake. Harufu ya vitunguu vya kukaanga, dizeli ya majenereta, nyasi zilizokanyagwa zikawa tope. Wasomali, Wapakistani, Wabengali, Wajamaika, watoto wa kila rangi wakivuta mikono ya mama zao. Kiza kilikuwa kinashuka na taa zikizidi kung'aa.

Dalmar akachafua nguo. Zilpah akampeleka chooni.

"Usimwondolee macho huyo," aliniambia.

"Simwondolei."

Najmo alipanda farasi wa mbao wanaozunguka. Nikashika uzio wa chuma, nikawa namhesabia. Anapita, ananipungia mkono. Anapotea upande wa pili. Anarudi, ananipungia. Anapotea. Anarudi.

Simu ikalia. Dekow. Anauliza shati lake jeupe liko wapi.

Niliinamisha kichwa ili nimsikie. Nilimjibu kwa hasira, naye akanijibu kwa hasira, na nikamkatia. Nilidhani haikuzidi dakika moja.

Nilipoinua macho, farasi walikuwa wanazunguka bado. Farasi wa Najmo akaja.

Mtupu.

Nikangoja azunguke tena. Labda nimekosea farasi. Akaja tena... mtupu. Nikapiga kelele. Kijana wa mashine akasimamisha. Alisema mashine ilikuwa imeshasimama mara moja, watoto wengine wakashuka, wengine wakapanda. Koti la njano hakulikumbuka.

Nikakimbia kwenye gari la chai. Hayupo. Nikakimbia vyooni. Zilpah aliuona uso wangu, akaanza kuliita jina la Najmo kwa sauti yake ya wodini. Tulimtafuta chini ya ngazi, nyuma ya vibanda, kila mtoto mwenye koti la njano tulimgeuza uso. Nilikuwa nasoma dua nazikosea.

Kisha vipaza sauti vikakoroma juu ya vichwa vyetu.

"Mama yake Najmo. Istahil Abdi. Tafadhali njoo kibandani."

Zilpah alikaa chini kwenye tope, akamshukuru Mungu wake. Mimi nilikuwa nimeshatimua mbio.

Denise aliniona nikifika, akatabasamu kwanza. Kisha tabasamu likamganda.

"Najmo," nikasema. "Mtoto wangu yuko wapi?"

Alinitazama. Akatazama njia ya kuelekea mashine. Akanitazama tena.

"Mama yake amemchukua sasa hivi," alisema polepole. "Nimemtangaza, hata sijaweka kipaza sauti chini, naye ameshafika."

"Mama yake ni mimi!"

"Amesema anaitwa Istahil Abdi. Amenitajia tarehe yake ya kuzaliwa. Ametia sahihi."

Akanigeuzia daftari. Wino ulikuwa haujakauka. Umeburuzwa kuelekea kulia, kama unavyoburuzwa na mkono wa mtu anayeandika kwa kushoto. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu wa kujivunia. Mwandiko ule niliufahamu. Ulikuwa kwenye barua zote alizoniandikia dada kutoka Garissa, zile nilizozichoma Dekow aliponiambia nizichome.

"Alikuwa... alikuwa wa namna gani?"

"Mwembamba. Amejifunika nguo ya kahawia. Hina mbichi mikononi. Na anakohoa vibaya, maskini, nilimwambia akamwone daktari." Denise akavua miwani. "Anafanana na wewe, mpenzi. Nilimuuliza mtoto, huyu ndiye mama yako Istahil? Akamtazama sana. Akasema ndiyo."

Zilpah alikuwa amefika, Dalmar begani. Denise akaniomba kitambulisho. Nikatoa leseni ya udereva. Akaisoma, akalisoma daftari.

"Basi nyinyi wawili mna jina moja?"

Nikaichukua leseni yangu mkononi mwake.

"Nawaita polisi," akasema, mkono ukienda kwenye simu.

Na hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo. Niliushika mkono wake.

"Ngoja," nikasema.

Polisi wangeuliza. Istahil ni nani? Nani mwingine analijua jina hili na tarehe hii? Kwa nini? Niliona karatasi zangu, za Dekow, za watoto, zikifunguliwa moja moja mezani. Mwanangu alikuwa mikononi mwa kitu nisichokijua, nami nilikuwa nawaza kuhusu karatasi.

"Mama Najmo!" Zilpah alinipigia kelele. "Mtoto amechukuliwa! Unangoja nini?"

Akanyakua simu yake mwenyewe, akapiga.

Ndipo niliposikia.

Kikohozi.

Kikavu, mara tatu, kisha pumzi ndefu ya kupiga filimbi. Kilitoka nyuma ya malori ya majenereta, kule taa zilikoishia. Na juu ya dizeli na vitunguu ikaja harufu nyingine. Uunsi, ubani ule wa kwetu unaopikwa na sukari. Mtu alikuwa amefukiza kwenye bustani ya Birmingham, katikati ya tope.

Nilifuata harufu.

Nyuma ya malori palikuwa na bembea kuukuu ya viti vya minyororo, haijawashwa, haina mtu wa kuiangalia. Viti vilining'inia kizani. Upepo haukuwepo. Viti viwili tu vilikuwa vinasogea... taratibu... mbele na nyuma.

Kimoja kilikuwa na koti la njano.

Kwenye kingine alikaa mwanamke, amenipa mgongo.

"Najmo," nikanong'ona.

Hakugeuka. Kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwa yule mwanamke.

"Amesinzia," sauti ikasema. "Usimwamshe."

Ilikuwa ni Kiswahili. Tulipokuwa wadogo, mimi na dada tulisemezana Kiswahili nyumbani ili nyanya yetu asituelewe. Sauti ilikuwa chini, imekwaruzika.

"Ana mikono ya mama yetu," ikasema. "Hukuniambia kwenye simu kama ana mikono ya mama."

"Nipe mtoto wangu. Tafadhali."

"Mtoto wa nani? Karatasi yake inasema wa Istahil."

Kikohozi tena. Mnyororo ukalia.

"Nilingoja, abaayo. Kila gari lililosimama nilitoka nje kutazama. Mwisho nikawa sina nguvu za kutoka. Wakanizika. Wakasoma jina, na jina halikuwa langu. Sasa niko wapi? Kule kwa wafu naambiwa Istahil yuko hai, zamu yake haijafika. Huku naambiwa Istahil ni wewe."

Nililia. Nilisema nisamehe, sijui mara ngapi.

"Msamaha sikuombi," alisema. "Naomba jina. Sema jina lako kwa sauti, mbele ya watu, nami nitakupa mtoto, nitakwenda zangu. Wewe ni nani?"

Nyuma yangu nikasikia viatu vikichapa tope. Mwanga wa tochi ukapita kwenye ubavu wa lori. Zilpah alikuwa anakuja, na pamoja naye sauti ya mwanamume na mkoromo wa redio ya polisi.

"Sema," yule mwanamke alininong'oneza. "Ubah. Sema."

Miaka kumi sikuwa nimeitwa hivyo. Hata Dekow kitandani aliniita Istahil, tusije tukateleza mbele ya watu. Jina langu lilinijia mdomoni. Nililihisi kwenye meno.

Tochi ikanimulika.

"Bibi!" polisi aliita. "Wewe ni nani?"

Swali lilelile. Kutoka pande mbili.

Nikajibu.

"Istahil," nikasema. "Mimi ni Istahil Abdi."

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilohilo.

"Basi," alisema. "Nimekusikia."

Tochi ilipofika kwenye bembea, kiti cha pili kilikuwa kinayumba, tupu. Najmo alikuwa amelala fofofo kwenye kiti chake, mnyororo wa usalama umefungwa kiunoni mwake vizuri kabisa, kama ambavyo angefungwa na mama mwangalifu. Mikono yake ilikuwa imepakwa hina hadi kwenye viwiko. Maua yalikuwa yamefunika nambari ya simu. Kile kikaratasi hakikuwepo.

Polisi walizunguka bustani nzima. Waliandika kwamba huenda ni mwanamke mwenye matatizo ya akili, aliyesikia jina langu kwenye vipaza sauti. Kuhusu tarehe ya kuzaliwa walisema huenda Denise amechanganyikiwa kwa hofu. Denise aliapa hakuchanganyikiwa. Hawakuliandika hilo.

Nyumbani nilimuuliza Najmo kwa nini alimfuata.

"Sikumfuata," alisema, macho yamejaa machozi. "Nilipotea, nikaenda kwa mtu wa kizibao. Yule bibi wa kibandani aliniuliza kama mama yangu ni Istahil. Nikasema ndiyo. Sikudanganya, Mum."

Dekow alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilipofika mahali pa jina, alikaa.

"Ni jini," alisema. "Wafu hawarudi. Majini hujua kila kitu chako na huvaa sura ya wafu wako." Kisha akaongeza: "Ulifanya vizuri kutolisema."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na yeye hakuwa na kosa nisilokuwa nalo mimi.

Zilpah alikuja kesho yake, hakuingia ndani.

"Kuna mtu alikuita Ubah," alisema mlangoni. "Nimesikia kwa masikio yangu. Ubah ni nani?"

"Dada yangu. Alikufa."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama wanavyotazama manesi mgonjwa anayedai amekunywa dawa. Akaniambia nibaki salama. Idi iliyofuata hakuja kula.

Nilijaribu kumpa dada yangu kitu. Niliwaita wanawake ishirini wa mtaani, tusome hitima. Aliyeongoza aliniuliza: "Marehemu tumtaje nani?" Wote walinigeukia. Wote wananijua kwa jina moja. Nikawajibu: Ubah binti Abdi. Wanawake ishirini wakainua mikono, wakaniombea mimi maghufira, wakaomba kaburi langu lipanuliwe. Nami nikaitikia amina.

Hina haikutoka mikononi mwa Najmo hadi Desemba.

Kisha mambo madogo yakaanza. Mwalimu wa Najmo akaniambia asante kwa kuja jana, na jana sikuenda. Mwenye duka la nguo, Barabara ya Stratford, akaniuliza kama kifua changu kimepata nafuu. Najmo usingizini akaanza kujibu kwa Kiswahili, maneno mafupi, ya heshima. Ndiyo mama. Hapana mama. Mimi hajawahi kuniita hivyo.

Mwezi wa Januari nilikwenda zahanati kupimwa. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa watu wenye mafua. Nilikaa kiti cha mbele, koti mapajani. Mlango ukafunguliwa, nesi akachungulia na faili mkononi.

"Istahil Abdi?"

Nikainuka nusu.

Nyuma yangu kiti kikalia. Mtu alikohoa mara tatu, kisha akavuta pumzi ndefu.

Sikugeuka. Nilibaki hivyo, magoti yamekunjika, nikimtazama nesi, nikimwomba kwa macho anione. Yeye alitazama juu ya bega langu, akatabasamu, akaushika mlango ubaki wazi.

"Karibu," alimwambia. "Pole kwa kungoja sana."